Kabla hujaprinti bango, vuka barabara ulitazame

Watu wakinitumia dizaini WhatsApp, "hebu niangalizie hii", wengi huwa wanataka tu niseme iko safi, na kwenye simu kweli kila kitu kiko safi, manake simu ina mwanga wake yenyewe, iko shubiri mbili kutoka machoni, na usipoona waivuta kwa vidole. Bango la duka hapa Malindi halina hata kimoja katika hivyo. Linapigwa na jua la saa saba, msomaji yuko ndani ya tuktuk na tuktuk yenyewe inakwenda. Kwa hivo mie nikikosoa kazi ya mtu, iwe bango, iwe kadi ya harusi, iwe menyu, swali langu la kwanza halihusu uzuri kabisa. Nauliza, huyu anayesoma amesimama wapi?

Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha kukadiria: kila mita 3 za umbali, ipe herufi urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Mtu akiwa mita 15, tuseme yuko ng'ambo ya Lamu Road, basi jina la duka lisipungue sentimita 12 na nusu. Sasa tembea mjini uangalie saiba zetu, yale maduka ya kompyuta na intaneti. Fotokopi, picha za pasipoti, KRA PIN, eCitizen, kutengeneza simu, kuuza chaja, M-Pesa, lamineshen, vyote saizi moja, vyote vimekolezwa, na kila kimoja kina rangi yake. Mwenye duka anaona ametangaza kila kitu, mpita njia haoni hata kimoja. Chagua viwili vinavyokuletea pesa uvifanye vikubwa, hivo vingine viandike vidogo karibu na mlango, mtu akishafika pale atavisoma tu, hana haraka.

Halafu kuna hili la herufi ambalo sioni likisemwa sana, kwamba Kiswahili chetu kimejaa a. Kuna fonti, yaani mitindo ya herufi, ambazo a yake ndogo ni duara na kijiti pembeni, bila ule mkunjo wa juu. Futura ni hivo, aliichora Mjerumani Paul Renner ikatoka 1927, na mpaka leo ni nzuri mno kwa jina fupi au kichwa cha herufi kubwa. Lakini iandike kwa herufi ndogo "samaki wa kupaka", uibandike ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa. Utasoma "somoki wo kupoko". Kwa lugha yenye a chache pengine si neno, kwetu sisi ni nusu ya sentensi. Kwa hivo ukichagua fonti ya maneno mengi usijaribu kwa yale maneno ya Kizungu yanayokuja na programu, andika mstari wako wenyewe wa Kiswahili uangalie a na o zinaachana vipi.

Jaribu pia neno "Ilani". Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana karibu kabisa, kwa hivo kichwa cha tangazo lako kinaanza na fito mbili na mtu anasita. Andika ILANI yote kwa herufi kubwa, yamekwisha. Na kile kialama cha juu katika neno ng'ombe! Kuna fonti za mapambo hazina hata hiko kialama, programu inaazima kutoka fonti nyingine, unapata bucha imeandikwa "nyama ya ng" halafu pengo halafu "ombe". Wengine wanaamua kukiondoa kabisa. Mwenye bucha hajali, mie roho inaniuma.

Comic Sans watu wanaitukana sana na mie sina ugomvi nayo. Vincent Connare aliichora Microsoft mwaka 1994 ikiwa ni ya maneno ya katuni kwenye programu ya watu wasiozoea kompyuta, kwa hivo mlangoni mwa chekechea imekaa mahali pake. Tangazo la msiba ndio hapana. Inayonichosha zaidi huku pwani ni Papyrus, kila mwenye nyumba ya wageni akitaka kuonyesha "uasili" anaikimbilia, na ile ni kazi ya Mmarekani, Chris Costello, ya 1982, haina uhusiano wowote na pwani hii, na zile kingo zake zilizokwaruzwa ukizichapa ndogo zinageuka vumbi.

Ukitaka uasili si una kanga nyumbani? Mie namwambia kila kijana anayeanza kazi hii, chukua kanga ya mama uitandaze. Pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na jina liko ndani ya kisanduku chake peke yake, herufi kubwa, fonti moja, mstari mmoja, hakuna ua linalopita juu ya maneno. Rangi mara nyingi ni mbili tatu tu. Kisutu ni nyeusi, nyekundu na nyeupe basi, na hakuna harusi imewahi kulalamika kwamba kisutu kimepooza. Yale maneno yasomwe na mtu aliye nyuma, mvaaji akiwa anatembea, kitambaa kinacheza. Hata lile jina la biashara, Mali ya Abdulla, la duka la Mombasa lililoanza 1887 limekaa pale pembeni dogo, halimsumbui mtu, na kila mwanamke analijua. Sasa linganisha na flaya za matamasha, jina la msanii limewekwa kivuli, likawekwa moto, likapindwa, halafu tarehe imefichwa kwenye kiatu cha msanii.

Rangi ndio balaa lenyewe. Watu wanadhani rangi mbili zikiwa tofauti basi zitasomeka, na jicho linasoma hasa kwa mwanga na giza. Nyekundu juu ya kijani ni tofauti kweli, lakini igeuze picha iwe ya rangi ya kijivu hapo hapo kwenye simu uone maneno yanavyozama. Na wapo wanaume ambao macho yao hayaachanishi nyekundu na kijani hata bila kugeuza. Viwango vya tovuti vinataka maneno ya kawaida yatofautiane kwa mwanga na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, maneno makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21. Njano kali juu ya nyeupe haifiki hata 1.1! Nyekundu juu ya buluu kali ni kama 2 tu, na zaidi ya hapo inachezesha macho.

Juu ya hayo kuna jua. Bango la karatasi likikaa nje, mara nyingi nyekundu na njano zinatangulia kuondoka, ndio maana mabango ya wanasiasa wa uchaguzi uliopita yamebaki kibuluu yote, chama chochote kile. Namba ya simu usiiweke kwa nyekundu, weka nyeusi, na uikate vipande, nne, tatu, tatu, hakuna anayekariri tarakimu kumi zilizoshikana. Na ule ujani unaowaka kwenye skrini usimwahidi mteja, skrini inachanganya mwanga na printa inachanganya wino, hautatoka vile. Omba kipande kidogo kiprintiwe kwanza.

Menyu za huku nazo zina lugha tatu, Kiswahili, Kingereza na Kitaliano, na mtu anazipa fonti tatu na rangi tatu, pengine na bendera. Fonti moja yatosha. Lugha moja kwa herufi nzito, nyingine nyepesi, ya tatu zilizolala.

Sasa kumwambia mwenyewe ndio kazi, hasa akiwa mtu mzima na bango ameshalilipia. Usimwambie ni baya, na usimtajie fonti, hayamhusu. Mie huwa namwambia, "Mzee wangu, hebu tuvuke pale kidogo," tukishafika ng'ambo namwomba afinye macho anisomee. Akisema "namba siioni vizuri" amekosoa mwenyewe, mie nanyamaza tu. Akisema pale chini pamebaki patupu tutie picha, namuuliza hiyo picha itamsaidia mteja kujua nini, na mara nyingi anaiacha.

Kuna wengine watakataa katakata, njano juu ya nyeupe ndio rangi za mwanawe, hazibadilishwi. Basi mzungushie zile herufi mstari mweusi mnene. Halitapendeza, lakini namba ya simu itasomeka.