Chozi wa kifua chekundu: kumtambua na kumvuta bustanini

SWALI: Nyumbani kwetu Entebbe huja ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Mara kichwa chake kinang'aa kijani, mara naona cheusi tu. Ni ndege mmoja au wawili? Nimemtundikia chupa ya asali na maji niliyotia rangi nyekundu, lakini wanaokuja ni nyuki na sisimizi. Tena kila asubuhi anagongagonga kioo cha dirisha.

JIBU: Dada, huyo ni chozi dume, na huenda ni yuleyule mmoja. Kijani chake si rangi iliyomo ndani ya unyoya. Ni mwanga unaorudishwa na unyoya, ndiyo maana akiingia kivulini huwa mweusi. Mtazame ukiwa umelipa jua mgongo, kisha angalia mkia. Akiwa na manyoya mawili marefu katikati ya mkia, na mkanda mwekundu uliokolea kifuani, ni yule aitwaye kisayansi Cinnyris erythrocercus. Akiwa na mkia mfupi, mwili mweusi wa kahawia kama mahameli, na wekundu mpana uliotanda kuanzia kooni, ni chozi wa aina nyingine, Chalcomitra senegalensis. Majike hawana mapambo hayo. Utawajua kwa mdomo mwembamba uliopinda.

Asali hiyo imwage leo. Ikichanganywa na maji huchacha na kuota kuvu, na kuvu humdhuru ndege. Pima kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, koroga hadi iyeyuke. Sukari guru usitumie, na rangi haina kazi: kitambaa chekundu shingoni mwa chupa kinatosha. Tia kidogo, badilisha kila siku, na usugue chupa kwa brashi na maji ya moto. Funga kijiti chini ya tundu, kwa sababu chozi hupenda kunywa akiwa ametua.

Nyuki hufuata matone. Chupa ikikaa juani, hewa iliyomo hupanuka na kusukuma maji nje, kwa hiyo itundike kivulini. Sisimizi wazuie kwa maji: toboa kifuniko kipana, pitisha waya wa kutundikia, ziba tundu kwa nta, jaza maji. Grisi usipake kabisa, hugandamana na manyoya.

Hata hivyo, maua yanashinda chupa. Panda shubiri na kifumufumu (mmea wa jamii ya Leonotis, wenye maua ya rangi ya chungwa). Chozi hupenda pia ua la mgomba, ila hilo usimwachie: wadudu wanaolitembelea hueneza kiwotoka, ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba. Kichane cha mwisho kikishatoka, livunje kwa fimbo yenye panda, si kwa panga. Dawa ya wadudu nayo iache, maana makinda hulishwa wadudu na buibui, na utando wa buibui ndio unaoshikilia kiota.

Kuhusu dirisha, anaona kivuli chake na kudhani ni dume mwenzake aliyevamia. Pazia la ndani halisaidii, pengine huzidisha mng'ao. Paka povu zito la sabuni upande wa nje, au bandika gazeti hukohuko nje. Msimu wa kuzaliana ukipita, ugomvi huo hupoa.