Kupiga picha supaseli: muhimu ni ulipoegesha gari

Mkuu, umeuliza nilitumia kamera gani kwa ile picha ya supaseli, dhoruba kubwa ya radi yenye wingu linalozunguka, lililopangana kama sahani juu ya shamba la ngano. Kamera ya mtumba tu. Ungeniuliza nilisimama wapi.

Naishi Wichita, Kansas, na kila Mei na Juni nayafukuza mawingu haya. Asubuhi naangalia ramani ya Storm Prediction Center, kituo cha serikali kilichoko Norman, Oklahoma, kinachopanga hatari ya dhoruba kali kwa ngazi 5. Ngazi ya 2 au ya 3 natoka. Ya 5 nabaki nyumbani, na mnaocheka chekeni.

Supaseli si dhoruba ya radi tuliyoizoea. Joto lenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico linapanda, na kwa kuwa upepo wa juu haufanani na wa chini kwa kasi wala mwelekeo, nguzo nzima ya hewa inazunguka. Ndiyo maana hudumu masaa. Mara nyingi huelekea mashariki au kaskazini-mashariki, mvua na mawe ya barafu vikimwagika upande wa mbele na kaskazini. Kaa kusini-mashariki mwake: kitako cha wingu utakiona bila pazia la mvua, na ukihitaji kukimbia, kusini ni kweupe.

Barabara huku zimekatwa miraba ya maili moja, ila nyingi ni za udongo. Siku moja niliacha lami ili nipate kinu cha upepo mbele ya picha. Mvua kidogo tu, njia ikawa uji. Gari likazama, mawe yakanifikia, kioo cha mbele kikaenda. Mkulima mmoja alinivuta kwa trekta, hakuniuliza hata jina. Lami siiachi tena.

Rada ya mvua kwenye simu nayo huchelewa dakika kadhaa, amini macho. Pale El Reno, Oklahoma, 31 Mei 2013, tonado (upepo mkali wa kuzunguka unaoshuka kutoka kwenye wingu) ilitanuka hadi kilomita 4.2 na kugeuza njia ghafla. Ilimuua Tim Samaras, mtafiti mzoefu kweli kweli, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young.

Mipangilio ya kamera sasa: lenzi ya milimita 16 hadi 24, fokasi kwa mkono, f/8 (uwazi wa lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga). Giza likiingia, shata iwe wazi sekunde 10 au 15, radi zijichore zenyewe. Zikikaribia, usisimame nje na stendi ya chuma. Mimi hupigia ndani ya gari. Ile picha tazama kona ya chini kushoto, utaona ukingo wa dirisha la abiria.