Barua kwa mwanangu: mwenye duka aliyerudi kutoka vitani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Umelitembelea duka la kale la kijiji huko Ohio, ukaniuliza: askari aliyerudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, akafungua duka kama lile, aliishije ilhali wateja wake karibu wote hawakuwa na fedha mkononi?

Jibu limo kwenye madaftari. Duka lile liliendeshwa kwa mali kauli. Mkulima alichukua chumvi, misumari, kahawa na mafuta ya taa mwaka mzima, akalipa akishauza nafaka au nguruwe. Mwenye duka aliandika kwanza daftari la siku: jina, bidhaa, kipimo, bei. Kisha alihamishia daftari kubwa, ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake, deni kushoto, malipo kulia. Akichelewa kuhamisha, mteja alilipa pungufu bila hata kukusudia, kwa kuwa wote wawili hawakumbuki tena.

Kwenye malipo utakuta sana siagi na mayai, na hapo ndipo faida ilipovuja. Mayai yalikuwa rahisi: uliyamulika mbele ya taa, zima likapitisha mwanga, viza likaonyesha giza. Siagi ndiyo iliyomtesa. Kila nyumba ilisukasuka yake. Nyingine ilikandwa vizuri ikatoa mtindi wote, nyingine ilibaki na mtindi ndani ikachacha upesi. Alipoionja alijua. Lakini akimlipa mama mmoja bei ya chini kuliko jirani yake, mama yule ataudhika na kuhamia duka jingine, na deni lake likiwa bado halijalipwa. Basi wengi walilipa bei moja kwa wote na kuchanganya siagi pamoja, na ile mbovu ikashusha bei ya yote mjini. Mimi simlaumu. Alinunua amani na wateja wake kwa hasara ya siagi.

Naye alikuwa mdaiwa. Kabla ya vita wauzaji wa jumla walizoea kusubiri miezi 6 au zaidi. Baadaye muda ulifupishwa ukawa siku 30, 60 au 90. Mkulima analipa baada ya mavuno, muuzaji wa jumla anataka chake ndani ya miezi mitatu. Duka lilifia katika pengo hilo.

Sasa utaelewa kwa nini pensheni ya vita ilikuwa na uzito. Sheria ya 14 Julai 1862 ilimpa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi. Kuanzia 1870 zikalipwa kila miezi mitatu, yaani dola 24 taslimu kwa mkupuo, katika kijiji kinacholipana kwa mayai! Kuzipata kulikuwa na jasho. Ilibidi athibitishe kwamba jeraha au ugonjwa ulianzia jeshini. Kama kumbukumbu za hospitali zimepotea, alitafuta viapo vya ofisa wake au vya askari wenzake, na wengine walikuwa wamehamia mbali au wamekufa. Askari weusi, kama 180,000 katika jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, walipata taabu zaidi, kwani aliyezaliwa utumwani mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa. Waliopigania Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, hawakupewa kitu na serikali ya Washington.

Sheria ya 27 Juni 1890 ililegeza: aliyetumikia siku 90 na kuachishwa kwa heshima, akiwa hawezi kazi ya mikono, alipata dola 6 hadi 12 kwa mwezi, hata kama maradhi hayakutokana na vita. Angalia neno hilo, kazi ya mikono. Mapato ya duka hayakuwa kipimo.

Vita hivyo vilifika hata kwetu. Merikani, ile nguo isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na New Hampshire na kuuzwa Zanzibar, iliadimika pamba ya Kusini ilipokatika, na nguo za Uingereza na India zikaingia mahali pake. Kitambaa cha aina hiyo ndicho mwenye duka alichokipima kwa wari (yadi), kwa misumari ya shaba iliyogongwa ukingoni mwa meza. Ukirudi pale, itazame meza.

Na wakikuruhusu kufungua daftari la miaka ya 1870, nenda moja kwa moja kwenye Machi, Juni, Septemba na Desemba, baada ya tarehe 4. Hizo ndizo siku za pensheni. Tafuta majina yaliyolipa kwa fedha taslimu wiki hizo, kisha uyalinganishe na orodha ya askari wa kata ile. Niandikie umeona nini.

Mama yako