Kabla hujampeleka mzazi kupigwa picha ya ubongo, nisikilize mie

Assalaam alaykum wapenzi wangu. Wiki iliopita nimepata meseji ya dada mmoja wa Chake, Pemba, nimeisoma mara tatu na usingizi ukaniruka. Anasema bi mkubwa wake ana miaka 71, tokea Ramadhani hazungumzi, hali chakula, anakaa kitandani anatazama ukuta, na wao ndugu wameshachangishana wampeleke Dar akapigwe MRI ya kichwa "ili tujue moja". Dada yangu, hilo neno la kujua moja ndilo lilonichoma, maana njia hiyo nimeipita na baba yangu hatua kwa hatua, na lau ningepata mtu wa kunambia mapema mzee asingeteseka miezi minane.

Baba yangu ni mtu wa Mtambwe, mtu wa karafuu. Msimu ukiingia yeye ndie anaewaamsha wachumaji kabla ya alfajiri, na sauti yake unaisikia mpaka bondeni. Mama alipofariki alikaa kimya, sie tukasema ni msiba, atazoea. Hitma ikapita, miezi ikapita, hajazoea. Akaacha kwenda baraza baada ya isha, kisha akaacha hata msikiti, anasali ndani kwa kukaa. Saa nane za usiku yuko macho. Hata siku ya kupokea pensheni jamii, ile ya wazee waliotimiza 70 iloanza 2016, akakataa kutoka, na yeye zamani alikuwa wa mwanzo kwenye foleni. Ukimuuliza una nini baba, hasemi nna huzuni, anasema tumbo linawaka, miguu haina nguvu. Na akawa anasahau, jina la mjukuu linampotea, dawa za presha hakumbuki kama kanywa.

Siku nilojua kuna kitu kikubwa ni siku ya mvua. Karafuu zimetandazwa juu ya majamvi uani, wingu likaja, mvua ikaanza, na baba amekaa mlangoni anazitazama zinarowa. Hakuita mtu, hakuinuka, alitazama tu. Mie nlikuwa nimekwenda kuwatembelea, nlikimbia na majamvi peke yangu huku nalia.

Ndugu wakasema jini, tukasoma, tukapika kombe, akazinguliwa. Mie Qur'ani sikatai kusomwa hata siku moja, na mpaka leo tunamsomea. Kituo cha kwanza cha afya tulichokwenda, alotupokea hakuinua hata kichwa, akasema "huu ni uzee tu, mpeni uji". Dakika tano zimeisha. Neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo, kwa sababu uzee haumfanyi mtu aziache karafuu zake zirowe.

Basi mie ndo nikajitia ujuzi. Nimesoma, niko mjini, nikasema hapa tunataka picha ya ubongo. Kaka yangu alitaka tusubiri, nikagombana nae, nikauza bangili zangu mbili za dhahabu nilizopewa na mama, na tukapanda boti mpaka Dar. Ya njiani nayaacha.

Kwa msojua, MRI haitumii mionzi kama eksirei au siti skani, ni sumaku kubwa sana, ndo maana wanakuvua saa, pete na kila kitu cha chuma na wanauliza kama una mashine ya moyo mwilini. Unaingizwa kwenye kama bomba, inagonga kwa kelele, na mtu unatakiwa usitikisike. Baba alisoma Ayatul Kursiy muda wote mle ndani. Alipotoka akaniuliza, "Wamekiona?" Nikamwambia wameona nini baba? Akaweka mkono kifuani, "Hichi kilonikaa hapa."

Nikamwambia majibu kesho. Hilo tu ndilo nilomjibu. Mzee kanifungulia mlango mwenyewe, na mie mawazo yangu yako kwenye karatasi ya majibu.

Majibu yakaja: hakuna uvimbe, hakuna damu, hakuna kiharusi, ubongo umesinyaa kidogo kwa umri, na kuna madoa meupe madogo madogo ndani ya ubongo. Nikapiga simu Pemba, "Ubongo wa baba mzima!" watu wakashukuru, tukarudi, na baba akaendelea kutazama ukuta. Tena ikawa vibaya zaidi, maana sasa kila mtu anamwambia "wewe huna kitu, picha imesema".

Sasa sikilizeni, hapa ndo pana shughuli. Alonacho baba ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isoondoka, wazungu wanauita depression, na hakuna picha inayoonyesha sonona ya mtu mmoja. Watafiti wakikusanya picha za wagonjwa wengi wakazilinganisha na za wazima, wanaona kwa wastani ile sehemu ya kumbukumbu inayoitwa hipokampasi ni ndogo kidogo kwa wenye sonona, lakini hizo tofauti zinaingiliana mno, wapo wagonjwa wenye hipokampasi kubwa na wazima wenye ndogo, kwa hiyo huwezi kuchukua picha ya mzee wako ukasema anao au hana. Haya alikuja kunieleza daktari wa magonjwa ya akili hapa Unguja, nilimpelekea baba kwa kuchelewa sana kwa sababu ndugu wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, wanaona tunamtia mzee aibu.

Na yale madoa meupe nloyadharau yeye aliyatazama vizuri. Kanambia wazee wengi wanayo, yanatokana na mishipa midogo ya damu kuchakaa, na presha, sukari na sigara ndizo zinazoyaongeza. Yakiwa mengi yanaweza kukata njia zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na za ndani, mtu akawa mzito wa kuamua, mzito wa kuinuka, hamu imekufa. Tokea 1997 kuna madaktari wanaosema ipo sonona ya uzeeni inayochangiwa na mishipa hiyo. Sasa baba alikuwa anasahau dawa za presha na hakuna hata mmoja wetu alokuwa akimhesabia! Pesa za boti tunazo, kumpima presha hatukumpima.

Kisha akatutoa nje sote, akabaki na baba. Alimuuliza maswali kumi na tano ya ndiyo au hapana, ni dodoso la wazee linalotumika duniani tokea miaka ya 1980, halina mashine wala umeme. Moja linauliza kama unahisi maisha yako ni matupu. Baba yangu, mtu ambae sijawahi kuona chozi lake hata kaburini kwa mama, alilia mpaka nje tukasikia. Mie nlikuwa nimekaa kwenye benchi na bahasha ya picha mapajani.

Alipimwa damu pia, tezi la shingo, wingi wa damu, vitamini, chumvi ya mwilini, kwa sababu mambo hayo nayo huweza kumfanya mzee azimike vile. Akapewa sertralini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo. Hakumpa amitriptilini, dawa nyengine ya sonona, alisema kwa wazee inaleta kuchanganyikiwa, kuanguka, na kuziba mkojo, na baba alikuwa na shida ya mkojo tayari. Tukaambiwa tusitegemee kitu wiki mbili za mwanzo, na kweli wiki ya sita ndo alipouliza nani kaacha jembe nje.

Kwa hiyo dada wa Chake, na nyote wenye wazee ndani, wacheni kuwaambia "mshukuru Mungu, huna kitu". Kaeni nao. Muulize kwa upole analalaje, anakula nini, na akikwambia natamani Mwenyezi Mungu achukue amana yake usimwambie asikufuru, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Sisemi picha ni haramu. Kama kaanguka akajigonga kichwa hata wiki kadhaa nyuma, maana kwa wazee damu huvuja taratibu ndani, kama upande mmoja umelegea, kama kachanganyikiwa ghafla, kama kaanza kifafa, au anatembea kwa kuburura miguu na mkojo unamtoka, hapo picha itafuteni haraka. Lakini kama ni kunyong'onyea kwa miezi, anza na kipimo cha presha na mtu anaejua kuuliza.

Dada, nijibu inbox mambo mawili: presha ya bi mkubwa ni ngapi kwa ngapi, na tokea Ramadhani kama kaanguka popote, chooni au uani. Pesa za boti ziwekeni kwanza.