Kupita rong saidi "kidogo tu" hadi kwenye kona

Kupita rong saidi, yaani upande wa barabara usio wako, ni kosa, hata kama ni mita hamsini tu kufika kona ya kugeuzia. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, haina kipengele cha "kidogo tu". Trafiki akikukamata, kwa kawaida anakuandikia faini ya papo hapo, unalipa kwa namba ya malipo na yanaisha. Ukigonga mtu ni habari nyingine: unapelekwa mahakamani kwa kuendesha kwa hatari, na hapo unaweza kufungwa na leseni ikasimamishwa.

Ila mimi faini hainitishi sana. Fikiria dereva anayetoka barabara ya mtaani kuingia kubwa, anakata kushoto. Shingo yake iko kulia, maana huku kwetu magari hutokea kulia. Wewe na bodaboda yako unamjia kutoka kushoto. Hakuoni kabisa, na si uzembe wake. Anayevuka kwa miguu naye ni vilevile.

Halafu mwendo: gari linalokuja mbele yako kilomita 80 kwa saa, wewe 40, mnakaribiana uso kwa uso kwa 120. Mita mia zinaisha kwa sekunde tatu. Kageuzie mbele bwana, mafuta ya mia tano tu.