Kiroba Si Kizimba: Majibu kwa Wanaosafiri na Paka

Likizo zinakaribia na maswali ya paka yamejaa tena. Nimechagua sita.

Paka wangu akipanda gari anatokwa na udenda na kutapika. Nimpe dawa gani? (Msomaji, Chumbageni)

Swali hili huja kila likizo, na kila mara halitaji uzito wa paka, umri wake, wala wakati anaoanza kutapika. Bila hayo hakuna daktari wa mifugo atakayekujibu kwa uhakika. Mwangalie kwanza. Akilia na kutokwa na udenda kabla gari halijawashwa, huo ni woga. Akitulia dakika 10 au 15, kisha akaanza kumeza mate na kulamba midomo kila gari likikata kona, hicho ni kichefuchefu cha mwendo: sikio la ndani linahisi gari linapinda, macho yanaona kuta za kizimba zimetulia, na ubongo unavurugikiwa. Paka wengi wana vyote viwili. Paka anayepandishwa gari mara moja kwa mwaka kwenda kuchomwa sindano atalipendaje?

Tiba basi inaanza nyumbani, wiki 2 au 3 kabla ya safari. Weka kizimba sebuleni, mlango wazi, ndani kipande cha kanga aliyokwisha kuilalia, na umlishe humo humo. Akizoea, funga mlango dakika 1, kesho 5. Halafu mpeleke kwenye gari lililozimwa, akae dakika 5, mrudishe ndani na umpe kipande cha samaki. Siku nyingine washa injini bila kuondoka. Mwisho zungukeni mtaa. Udenda ukianza, umemharakisha. Rudi hatua moja nyuma.

Dawa zipo. Ya kichefuchefu ni maropitanti, ambayo kwa kawaida hupimwa miligramu 1 kwa kila kilo ya paka. Ya woga ni gabapentini, hutolewa saa 2 hadi 3 kabla ya kuondoka, nayo ijaribiwe nyumbani siku ya mapumziko kwa sababu wengine huyumba kama walevi. Zote ni za kuandikiwa na daktari aliyempima paka wako. Usinunue gabapentini ya binadamu ya miligramu 300 ukaigawa kwa kukadiria. Kipimo hicho ni kikubwa mno kwa paka, hasa mdogo au mwenye figo mbovu.

Je, nusu panadol itamtuliza? (Makorora)

Hapana, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri paracetamol, dawa iliyomo ndani ya panadol. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unakuwa wa kijivu au kahawia, na paka anakufa. Kama umeshampa, mkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo bila kusubiri dalili.

Vizimba ni ghali. Kiroba kina ubaya gani, kama nimekitoboa matundu? (Ngamiani)

Ubaya ni mwingi, ndugu yangu. Paka akipapatika, matundu yanahama kutoka usawa wa pua, sandarusi inamnata usoni, na kiroba kilichowekwa chini kwenye basi kila abiria anakikanyaga akidhani ni mzigo. Paka aliyesafirishwa hivyo mara moja atakukimbia kila ukishika mfuko. Boksi la karatasi nalo likilowa mkojo, kitako kinaachia ukiwa umelibeba.

Kama fedha haitoshi, chukua tenga imara la kuku. Lisugue kwa maji na sabuni, likauke juani mpaka harufu iishe, na kata ncha za fito zilizochomoza ndani. Liwe na nafasi ya paka kusimama, kugeuka na kulala, basi. Likizidi hapo atarushwa huku na huku kwenye kila tuta. Tandika magazeti, juu yake kanga kuukuu, na beba nyingine ya kubadilisha. Mfuniko ufungwe kamba pande zote 4, maana paka husukuma kwa kichwa na fundo moja halitoshi. Funika pande 3 kwa leso nyepesi, upande mmoja uachwe kwa hewa. Kwenye gari dogo, lisimamishe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, likazwe lisiserereke.

Kondakta anasema paka akae kwenye buti. (Donge)

Mkatalie, na ukishindwa tafuta gari jingine. Kule kuna joto, vumbi na mizigo inayohama, na hakuna wa kumwona akizidiwa. Kutoka stendi ya Kange, Tanga, hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300. Msimu wa kaskazi ondokeni alfajiri. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni dharura: mtoe juani, mlowanishe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, mpepee, mtafutieni daktari. Wenye magari binafsi nao wasimwache kwenye gari lililofungwa wakisimama kula pale Segera. Nje kukiwa nyuzi 30, ndani zinafika 40 kwa dakika 10 hivi. Na msimfungulie kizimba hapo "anyooshe miguu". Lori moja likipiga honi, hamtamwona tena.

Ale saa ngapi? (Muheza)

Basi la saa 12 asubuhi, chakula cha mwisho saa 6 usiku. Maji apate mpaka mnaondoka. Mtoto wa paka asishindishwe njaa hivyo, muulize daktari.

Tunahamia Lushoto. Kuna la ziada? (Mikanjuni)

Simameni Mombo dakika 15, injini imezimwa, madirisha wazi kidogo, kizimba kimefungwa. Kutoka hapo ni kona juu ya kona, na dereva asikate kona kwa kasi wala kukanyaga breki ghafla. Ondoeni manukato ya gari na kapu la dagaa.

Mkifika, mpe chumba kimoja chenye maji, chakula, sanduku la mchanga na kile kizimba chake kikiwa wazi. Kujificha siku ya kwanza ni kawaida, msimvute kutoka uvunguni. Akipitisha saa 24 bila kula chochote, mpelekeni kwa daktari, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta huanza kujaa kwenye ini. Msimfungulie mlango wa nje kwa wiki 3. Paka aliyehamishwa hutoka kwenda kutafuta nyumba ya zamani.