Kiingereza cha "come": kwa muuguzi anayejiandaa kuja Uingereza

Wiki jana muuguzi mmoja wa Kakamega aliniandikia. Anajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, amekariri kitabu kizima cha nahau za Kiingereza, na bado kwenye kusikiliza hatoki kwenye alama sita na nusu. "Dada, kitabu kipi kingine nikariri?" Yeye nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu naliweka hapa kwa sababu maswali kama lake napokea mengi.

Mkenya akiambiwa afanye mtihani wa Kiingereza huumia. Kiingereza amekisoma tangu utotoni, chuo amesomea kwa Kiingereza, faili za wagonjwa anaandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wauguzi, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani huo ni 10 tu waliofaulu. Mitandaoni watu walicheka sana. Mimi sikucheka, nilijua mtego uko wapi. NMC, baraza la wauguzi la huku, linataka saba katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na sita na nusu katika kuandika. Kwenye kusikiliza kuna maswali 40, na sauti unaisikia mara moja tu.

Maneno makubwa ya kitabibu hayatusumbui, hayo tuliyafia chuoni. Tunaangushwa na vitenzi ambavyo mtoto wa chekechea anavijua: come, go, get, put.

Nilifaulu, nikaja, nikadhani nimemaliza. Siku za mwanzo wodini mtu alipiga simu kuuliza hali ya mama yake aliyetoka kufanyiwa upasuaji. "Has she come round yet?" Kwangu mimi "come round" ilikuwa kupita kwa mtu kumsalimia, na hata huku wanaitumia hivyo. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba hapana, hakuna aliyefika, saa ya kuwaona wagonjwa bado. Kumbe anauliza kama mama yake amezinduka baada ya dawa ya usingizi! Muuguzi mkubwa wa zamu alininyang'anya simu mkononi. Kuninyang'anya si kitu, mgonjwa ni wa kwanza. Lakini saa ya chai alikisimulia kisa hicho mbele ya watu wote, huku akiigiza sauti yangu. Hilo sijalisahau, na siwezi kusema nimesamehe.

Tangu siku hiyo niliamua kulifuata "come" popote linapokwenda. Mzee anasema "I came over all funny": hachekeshwi na kitu, amejisikia vibaya ghafla, pengine kizunguzungu, mkalishe umpime presha. Mama anasema mwanawe "has come out in a rash": ametokwa na vipele. Kijana "is coming down with something": ugonjwa unamnyemelea. Mwingine anataka "to come off the tablets": anataka kuacha vidonge, na hapo mwite daktari kabla hajaviacha mwenyewe. Kifundo cha mguu kikiwa "has come up", kimevimba. Na msichana akikunong'oneza "I've come on", mletee pedi bila kumuuliza kaja wapi.

Usishangae, sisi wenyewe tunafanya hivyohivyo. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Nani alikukalisha chini akakukaririsha orodha ya "piga"? Tofauti ni kwamba Kiswahili hupenda kugeuza mwisho wa kitenzi: vaa, vua, funga, fungua. Wao kitenzi wanakiacha kilivyo na kubandika kineno nyuma yake, put on, take off. Kwa hiyo sikio lako lisiishie kwenye kitenzi. Maana iko nyuma, na nyuma ndiko wanakotamka harakaharaka. Wakenya tuna tabia ya kuvikata vineno hivyo, tunasema "pick the phone", "pick me at the stage". Nairobi utaeleweka. Huku watakukodolea macho wakisubiri umalizie.

Basi ushauri wangu ni kusikiliza. Sikiliza redio ya Waingereza, sikiliza vipindi vyao vya hospitali, sikiliza wazee wao wanavyolalamika. Kitenzi kimoja kwa wiki, na kila ukikinasa andika sentensi nzima pamoja na aliyeisema na kilichokuwa kikimsumbua. Neno likiwa peke yake halikai kichwani. Mnanunua vitabu vya nahau elfu moja, mnapiga picha kurasa, mnatumiana kwenye makundi ya WhatsApp, halafu mtu hajasikiliza Mwingereza hata dakika kumi. Jamani! Mtihani wa kusikiliza hauandaliwi kwa macho.

Ila kwenye faili usiandike hivyo. Mgonjwa akikwambia "I threw up", wewe andika "vomited". Lugha ya mdomoni ni ya kumwelewa mtu, ya faili ina taratibu zake, na kwenye mtihani wa kuandika ni vivyo hivyo.

Siku hizi wauguzi wapya wakifika wodini kwetu wanaletwa kwangu kwanza, wawe wametoka Kenya, India au Ufilipino. Yule wa saa ya chai aliwahi kuniletea mmoja mwenyewe. Nilimpokea mgeni, yeye nikamwambia asante.

Dada wa Kakamega, ukimaliza "come" ingia kwenye "go". Mguu ukiwa "has gone to sleep", umekufa ganzi. Uvimbe ukiwa "has gone down", umepungua. Maziwa yakiwa "has gone off", yamechacha, mwaga. Kengele ya dharura ikiwa "is going off", haijazimika hata kidogo, ndiyo kwanza inalia. Kimbia.